Kikokotoo cha mezani: Mpangilio wa vitufe na hasara inayoweza kuzuiwa

MCHUUZI wa samaki katika ufuo wa Dunga, Kisumu, hutumia vyombo viwili vya hesabu kwa siku moja: kikokotoo kilichowekwa kando ya mizani, na simu anayotumia kupokea na kutuma pesa. Vyote vina tarakimu zile zile kumi, lakini hazikupangwa sawa. Kwenye kikokotoo, safu ya juu ni 7, 8 na 9. Kwenye simu ni 1, 2 na 3. Kidole kilichozoea simu huweza kubonyeza 7 badala ya 1, na Sh100 zikageuka Sh700.

Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Machi 2007, tofauti hiyo imewahusu wauza omena na mawakala wa vibandani sawa na makarani wa maofisini.

Asili ya tofauti

Mashine za kale za hesabu, kama vile Comptometer iliyobuniwa na Dorr Felt wa Marekani katika miaka ya 1880, zilikuwa na vitufe tele: safu wima moja ya mamoja, nyingine ya makumi, nyingine ya mamia. Katika kila safu, 1 ilikuwa chini na 9 juu. ANITA, kikokotoo cha kielektroniki kilichozinduliwa Uingereza mwaka 1961, bado kilifuata mtindo huo.

Mashine ya Sundstrand, iliyobuniwa Marekani karibu mwaka 1914, ilipunguza vitufe vya tarakimu hadi kumi, ikabakisha tarakimu ndogo chini. Vikokotoo vya leo vimerithi mpangilio huo.

Simu ilifuata njia yake. Mwaka 1960, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani walichapisha matokeo ya majaribio ya mipangilio kadhaa ya vitufe, na ule wa 1, 2 na 3 juu ndio uliochukuliwa. Hata leo, simu moja huwa na mipangilio yote miwili: wa kupigia na wa kikokotoo kilichomo ndani yake.

Vitufe vinavyopotosha

Kufuta nako kuna mtego. Katika baadhi ya vikokotoo, CE hufuta nambari iliyoingizwa mwisho na C hufuta hesabu yote. Katika vingine, C ndiyo hufuta nambari ya mwisho, na AC hufuta yote.

Mtego mkubwa zaidi ni mfuatano wa hesabu. Tuseme mteja amenunua kilo 5 za mbuta kwa Sh300 kila kilo, na kilo 3 za ngege kwa Sh400. Jumla ni Sh2,700. Lakini 5 × 300 + 3 × 400 zikibonyezwa mfululizo, kikokotoo cha kawaida cha mezani huonyesha 601,200, kwa kuwa hutekeleza kila hatua papo hapo. Simu nyingi za kisasa huanza na kuzidisha, hivyo hutoa jibu sahihi.

Dawa yake ni kitufe cha M+. Futa kwanza kumbukumbu, bonyeza 5 × 300 kisha M+, halafu 3 × 400 na M+, kisha MR au MRC ili kupata jumla.

Kitufe cha asilimia pia hakifanani kila mahali. Bidhaa ya Sh1,000 ikitozwa ushuru wa VAT wa asilimia 16, bei huwa Sh1,160. Ila 1,000 + 16 % huleta 1,190.47 katika baadhi ya vikokotoo, kwa sababu huchukulia 16 kuwa asilimia ya bei ya mwisho. Njia salama ni kuzidisha kwa 1.16.

Kabla ya kununua

Mnunuzi ajaribu hesabu hizo mbili dukani. Aidha, atazame kama vitufe vimeachana vya kutosha kwa kidole chenye majimaji, kama 5 ina kinundu cha kupapasia, na kama tarakimu hazitafutika upesi. Kitufe cha 00 huharakisha kazi, ingawa kikiguswa kimakosa huzidisha kiasi mara mia.

Zaidi ya yote, tarakimu zisomwe upya kwenye kioo, mbele ya mteja, kabla ya pesa kutolewa. Kuhesabu upya huchukua nukta chache. Kurejesha fedha zilizokwenda kombo huweza kuchukua siku.