Nani Aliyeipa Pemba Jina la Uchawi?

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita nilipanda boti kwenda kumchukua mtoto wa kaka yangu katika skuli moja ya bweni ya wasichana huko bara. Ana umri wa miaka 16. Siku chache kabla ya safari yangu, wasichana watano walianguka usiku bwenini, wakapiga kelele na kurusha mikono, jambo ambalo si geni katika mabweni ya wasichana, iwe Tanga, iwe Iringa, iwe Mombasa. Palipoulizwa sababu, mmoja wao akasema, "Humu mna Mpemba." Basi. Ushahidi wote ulikuwa huo. Mwalimu mmoja alimwita mtoto pembeni akamwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma zaidi, kwamba kama kuna kitu alichopewa nyumbani, akitoe tu yaishe.

Katika boti ya kurudi alikuwa akisoma riwaya ya Kiingereza aliyoazimwa na rafiki yake, yule mmoja aliyekubali kuendelea kulala naye kitanda cha jirani. Ni hadithi ya msichana wa rika lake, mchawi wa kurithi kutoka kwa bibi yake, anayetembea usiku na kupambana na viumbe vya kiza. Vijana wa siku hizi wanazipenda sana hadithi hizo. Tulipopita Nungwi, bahari ikaanza kuchafuka, akafunga kitabu akaniuliza: "Ami, huyu ni mchawi kweli na watu wanampenda. Mimi hata ubani sijui kuufukiza. Mbona nakimbiwa?"

Sikuwa na jawabu pale. Nimelitafuta wiki mbili, na nililolipata ndilo ninalowaletea leo.

Kwanza nianze na kongwe. Pale Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, pana magofu ya ngome ambayo wenyeji wanasema ilikuwa ya mtawala aliyeitwa Mkama Ndume. Kukama ni kukamua, kama ng'ombe anavyokamuliwa, kwa hiyo jina lenyewe ni shitaka: mkamua wanaume. Inasimuliwa kwamba aliwabebesha watu mawe ya kujengea huku wakijikokota kwa makalio. Inasimuliwa pia kwamba alikuwa na wake wawili wasioelewana, na kisima kikatiwa ukuta ili mmoja ashuke kwa ngazi na mwingine ateke kwa kamba, wasionane. Wachimbaji wa mambo ya kale, wakiongozwa na Profesa Adria LaViolette wa Marekani, walifanya kazi hapo kuanzia miaka ya 1980, na wakaonesha kwamba ngome ni ya karne ya 15 na kwamba chini yake pana chumba kilichochimbwa ardhini, chenye ngazi, na ukutani mna umbo la siwa lililofinyangwa kwa chokaa. Siwa, kama mjuavyo, ni pembe ya enzi. Aliyekuwa na chumba kama kile alitaka watu waamini kwamba amri zake zinatoka mahali wasipopaona. Hayo ni mambo ya utawala kuliko ya uchawi, ingawa aliyebebeshwa mawe huenda hakuona tofauti.

Lakini sifa ya Pemba iliyofika mpaka bwenini kwa mtoto wetu haikutoka Pujini. Ilipita njia nyingine, na sehemu moja ya njia hiyo ni vitabu.

Mwaka 1931 mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, Evelyn Waugh, alitoa kitabu cha safari zake za Afrika. Alikuwa amefika Zanzibar, akapita na Pemba. Humo akaandika kwamba Pemba ndiyo makao makuu ya elimu ya uchawi, kwamba wanafunzi hutoka mpaka kwenye maziwa makuu kuja kuhitimu, na kwamba, kwa inavyosemekana, hata waganga wa Haiti huvuka bahari kuja kuchota siri. Haiti, ndugu msikilizaji! Wakati huo Mpemba wa Konde kwenda Unguja tu ilikuwa ni safari ya kuagwa. Na katika kurasa hizo hizo Waugh anakiri kwamba mambo hayo Wazungu hufichwa. Yaani hakuona, aliambiwa. Aliambiwa na nani? Bila shaka na Wazungu wenzake waliofichwa vile vile.

Mwaka huo huo W. H. Ingrams, aliyekuwa afisa wa serikali visiwani, alitoa kitabu kikubwa cha historia ya Zanzibar na watu wake. Huyu simlinganishi na Waugh. Alikaa, alijua lugha, aliuliza. Lakini naye alizijaza kurasa nyingi mambo ya uganga na vyama vya wachawi, na msomaji wa London aliyekuwa hajui karafuu inachumwaje akajua kwamba Pemba pana wachawi.

Hapa ndipo penye fundo. Kiswahili chetu kina mchawi na kina mganga, na hawa ni maadui. Mchawi hudhuru kwa siri. Mganga hutibu, ana kilinge chake kinachojulikana, ana wateja, ana bei, na jirani zake wanajua anaamka saa ngapi. Kiingereza cha wakati ule kilikuwa na neno moja linalomfunga mchawi na tabibu kamba moja. Kwa hiyo kila mgonjwa aliyevuka kutoka Tanga au Mombasa kuja kuandikiwa kombe kwa zafarani, au kuchezewa ngoma ya pepo wake wa kirubamba, alihesabiwa kuwa amekuja kusomea uchawi. Pemba ilikuwa hospitali ya watu fulani, ikaandikwa kuwa chuo cha wauaji.

Wala sisi wenyewe hatujatakasika. Nilipokuwa mdogo Wete, mganga aliyeogopwa alikuwa yule aliyetoka Tanga. Tanga wakisema Pemba, Pemba wakisema Tanga. Bara nako wana Sumbawanga yao na Gamboshi yao kule Bariadi. Mganga wa kijijini kwako umemwona akikopa unga dukani, utamwamini vipi? Mwenye nguvu lazima awe ng'ambo. Na wapo ndugu zangu Wapemba ambao sifa hii wameifanyia biashara, wakaenda mijini wakaandika kibao "Mganga kutoka Pemba" na hali wamezaliwa Temeke. Hao nao wamemlipia mtoto wetu nauli ya kurudi nyumbani.

Hebu sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalikumbuka. Mwaka 1995, katika mwezi wa Ramadhani, ilizuka Pemba khabari ya popobawa, kiumbe kinachoingia majumbani usiku, kinawakandamiza watu na kuwadhalilisha, wanaume kwa wanawake. Wazee walisema alikwishawahi kuja mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, wakati Pemba ilipokuwa katika dhiki na hofu. Safari hii alivuka hadi Unguja. Familia nzima zilitandika mikeka nje, zikawasha moto, zikakesha. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, ule wa Oktoba ambao Dkt. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 na Pemba ikakipa CUF viti vyake vyote 21. Kila upande ulikuwa na maelezo yake juu ya nani aliyemleta popobawa. Mimi nilikesha nje kama wengine, sitawadanganya. Nilikuwa siamini, na nilikuwa silali.

Lakini popobawa wa 1995 aliacha maiti, na maiti hiyo haikuuliwa na popo. Mjini Unguja kundi la watu lilimkamata usiku kijana mgeni, wakasema ndiye, wakamuua. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa mtu wa bara mwenye maradhi ya akili, aliyekuja Zanzibar kutafuta matibabu. Amekuja kutibiwa, ndugu msikilizaji, kama wale wa Tanga na Mombasa. Jina la uchawi walimpa watu waliokuwa na hofu, na hawakuhitaji kumuuliza neno.

Huko bara hesabu ni kubwa zaidi. Uchunguzi wa serikali uliohusu miaka ya 1970 hadi 1984 ulikuta watu 3,693 wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na kati yao 2,286 walikuwa wanawake, wengi wao katika mikoa ya Usukumani. Vikongwe wenye macho mekundu, na macho yale yamewekundu kwa moshi wa kuni na samadi. Sikumtajia mtoto hesabu hii ndani ya boti. Nilimtajia tulipofika nyumbani, kwa sababu nilitaka ajue kwamba lile neno aliloambiwa bwenini si la mzaha, na kwamba siku likimjia mdomoni kumwambia kizee fulani, alimeze.

Alipotulia nilimpa kitabu chetu, Mirathi ya Hatari cha C. G. Mung'ong'o, kilichotoka mwaka 1977. Humo kijana msomi anaitwa nyumbani kwa baba yake anayekufa, na urithi anaokabidhiwa ni uchawi. Amekisoma kwa siku mbili. Anasema cha Kiingereza kina raha zaidi kwa sababu yule msichana uchawi unampa nguvu, na huyu Gusto unamkalia kama mzigo. Nikamwambia Mung'ong'o alikuwa akiandikia watu ambao jambo hili liko mlango wa pili, na yule mwenzake anaandikia watu ambao wachawi wao waliacha kuchomwa moto siku nyingi. Ukiwa mbali na moto unaweza kuuchezea. Akanitazama kama wanavyotutazama tukianza kuhutubu.

Kuhusu popo, nisije nikawadhulumu. Yule popo mkubwa wa Pemba, asiyepatikana pengine popote duniani, mwishoni mwa miaka ya 1980 alikaribia kwisha kwa kuwindwa na kuliwa. Vijiji vikaamua kumlinda, na leo ukienda Kidike utawaona wametundikwa mitini mchana kweupe, wengi. Wanakula maembe. Hawajampanda mtu kifuani.

Mtoto ameanza skuli mpya hapa hapa Chake Chake. Ile ya bara hataki kusikia jina lake, na mimi sitalitaja. Riwaya ya Kiingereza ameniachia. Nimefika ukurasa wa themanini, na yule msichana bado hajajua kama bibi yake alimpenda au alimtega.

Wiki ijayo, inshallah, tutazungumza juu ya tufani ya mwaka 1872 iliyong'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba.