Tumbusi wa Ngorongoro na kidonge cha magoti



Wengi mnanijua kwa madera na nguo za harusi, na mnajua cherehani zangu zipo Karatu, mji wa mwisho kabla ya kupanda lango la Lodoare kuingia Ngorongoro. Leo kitambaa nakiweka kando. Nataka tuzungumze juu ya kile kidonge anachomeza mama wa bibi harusi usiku wa kuamkia shughuli, magoti yakimuwaka kwa kusimama jikoni, na anachopewa bibi harusi mwenyewe akilalamika kiuno na miguu. Kwa wengi wetu ni diklofenaki. Wengine wanatumia Brufen, wengine asprini. Zote hizi ni ukoo mmoja: dawa za kutuliza maumivu na uvimbe.

Historia ya ukoo huu ni ndefu, na ukurasa wake mmoja umefika mpaka huku milimani. Aliyetuletea habari ni ndege. Tumbusi, yule tai mla mizoga.

Tuanze zamani kidogo. Maumivu ya viungo hayakuanza na sisi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika juu yake katika al-Qanun, na matabibu wa Kiislamu wa zama zile walitibu jongo kwa mmea waliouita surinjani. Mwaka 1820 wakemia wa Ufaransa walitoa ndani ya mmea wa ukoo huo dawa iitwayo kolchisini, na hadi leo wagonjwa wa jongo wanaandikiwa. Mmea huo huo ukizidishwa ni sumu.

Huku Ngorongoro nako kuna mmea wake. Lile bonde maarufu la mafuvu ya kale limepewa jina la mkonge pori ambao Wamasai wanauita oldupai. Mwaka 1911 daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, alifika pale akalisikia jina vibaya, ndiyo maana vitabu vingi vimeandika Olduvai. Nyuzi za mkonge ule wanafanyia kamba, na utomvu wake wanauweka kwenye kidonda. (Nitoke nje kidogo: fuvu alilolipata Mary Leakey pale mwaka 1959 waliliita Zinjanthropus, na hilo Zinj ni jina la kale la pwani yetu, lile lile lililozaa Zanzibar. Sisi watu wa kisiwani tunayo haki yetu pale bondeni!)

Dawa ya kupaka inabaki pale ulipoipaka, angalau kwa sehemu kubwa. Dawa ya kumeza inazunguka mwili mzima ndiyo ifike gotini. Watu walichukua muda mrefu sana kulielewa jambo hili dogo.

Asprini ilitengenezwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani mwaka 1897, ikaingia sokoni mwaka 1899. Wakati huo Ujerumani ndiyo iliyokuwa ikitawala Tanganyika, na miaka michache baadaye ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf walikuwa wakifuga ng'ombe ndani kabisa ya kreta ya Ngorongoro. Husimuliwa kwamba mkemia Felix Hoffmann alitafuta dawa hiyo kwa ajili ya baba yake, mgonjwa wa baridi yabisi, kwa sababu dawa ya kabla yake ilikuwa ikimuunguza tumbo. Kisa hicho kina wabishi wake. Lakini tumbo lilishatajwa tangu mwanzo, mnaona? Mwaka 1938 madaktari wawili wa London, Douthwaite na Lintott, walitazama kwa kifaa ndani ya matumbo ya watu waliomeza asprini wakakuta ukuta wa tumbo umewiva na kuvuja damu.

Sababu yake ilijulikana mwaka 1971, pale John Vane wa Uingereza alipoonyesha namna dawa hizi zinavyofanya kazi. Mwili unatengeneza vitu viitwavyo prostaglandini. Vitu hivyo ndivyo vinavyoleta uvimbe na maumivu kwenye kiungo kilichoumia. Ila vitu hivyo hivyo vinalinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi, na vinasaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Kidonge kinavizuia kote. Fundi mwenzangu atanielewa: umevuta uzi mmoja unaokukera kwenye pindo, kumbe ndio ulioshika na mshono wa kwapa. Vane alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Diklofenaki yenyewe ilitengenezwa Uswisi na kampuni ya Ciba-Geigy, ikaanza kuuzwa Japani mwaka 1974. Ni dawa nzuri, sitaki mtu aniambie nimeitukana. Mgonjwa wa viungo aliyeshindwa hata kufunga kanga akiinywa anainuka. Ni rahisi pia, na kwa urahisi huo ikafika hadi kwa ng'ombe.

Hapo ndipo tumbusi wanapoingia. Bara Hindi walikuwa wengi wasiohesabika. Wahindu hawali ng'ombe, kwa hiyo mzoga uliachwa nje na tumbusi wakausafisha. Hata Waparsi, ambao Unguja tuliishi nao, kule Mumbai waliwategemea ndege hawa, kwani maiti zao huwekwa kwenye minara ili ziliwe. Kuanzia miaka ya 1990 tumbusi wakaanza kuanguka mitini. Kati ya mwaka 1992 na 2007 aina moja, tumbusi mweupe mgongo wa India, ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mwanzoni watu walidhani ni virusi. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi Pakistani wakiongozwa na Lindsay Oaks walitangaza jibu: diklofenaki. Ng'ombe alichomwa sindano ya maumivu, akafa siku chache baadaye, tumbusi akala, figo zake zikakata. Walipompasua walikuta viungo vya ndani vimepakwa uweupe kama chokaa. Lilikuwa jongo, la ndani kwa ndani. India ilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo mwaka 2006.

Sasa rudini Ngorongoro. Tangu mwaka 1959 hifadhi ile iliwekwa ili mfugaji, ng'ombe wake na wanyama pori waishi pamoja. Upande wa kaskazini, kwenye milima ya Gol, kuna korongo la Olkarien, na kwenye majabali yake tumbusi wanajenga viota. Ndege hao wanaruka mbali kutafuta mizoga, wa nyumbu na wa ng'ombe. Mwaka 2007 shirika la ndege la BirdLife likatoa taarifa kwamba diklofenaki ya mifugo imekutwa ikiuzwa hapa hapa Tanzania. Miaka miwili baadaye, majaribio ya Afrika Kusini yalithibitisha kwamba tumbusi wa Afrika naye anakufa nayo. Haki isemwe: huku kwetu tumbusi wanauawa zaidi na sumu inayowekwa kwenye mizoga kuwatega simba, na wengine wanauawa kwa ajili ya uganga. Lakini hatari ya sindano ile ilikuwa imeshafika mlangoni, na dawa nyingine ya ng'ombe, meloksikamu, ilishaonekana haiwadhuru.

Mwanamke si tumbusi, najua. Mwili wetu unaiondoa diklofenaki haraka, na kidonge kimoja hakimuui mtu mzima mwenye afya. Nimewasimulia kwa sababu ndege yule hakuumwa goti wala tumbo. Alikufa kwa figo, mahali ambapo hakuna anayepafikiria akiwa dukani ananunua dawa ya mguu. Na figo zetu zina siku zake za udhaifu: mtu akiwa amepungukiwa maji, akiwa mzee, akiwa na kisukari au presha, na zaidi akiwa anatumia vidonge vya presha vya kukojosha.

Sasa fikirieni Ramadhani. Kuna bibi anayefunga huku akimeza diklofenaki daku, halafu hanywi maji mpaka Magharibi. Au anaifungulia juu ya tumbo tupu, kabla hata ya uji, ili aweze kusujudu tarawehe. Mama, sali umekaa kwenye kiti, dini imekupa nafasi hiyo. Kama dawa ni ya lazima, imeze baada ya kula, unywe maji ya kutosha usiku, na umuulize daktari kuhusu funga yenyewe.

Wanawake wa Karatu wana magoti yenye sababu zake. Asubuhi huku ni baridi hasa, na milima haimwonei mtu huruma. Wanaolima vitunguu Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, wanainama kutwa. Na kuna jambo la maji. Nchi hii ni ya volkano, na maji ya sehemu nyingi za ukanda huu yana floraidi nyingi, ndiyo meno ya watu yanakuwa kahawia. Ikizidi kwa miaka, inakaza mifupa na viungo. Mtu wa hivyo anaweza kumeza vidonge miaka kumi na asipone, kwa sababu sababu ipo kisimani. Maumivu ya mwezi mzima, au kiungo kilichovimba na kuwa moto, yanahitaji kupimwa.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wateja wangu ni la majina. Mtu ananunua diklofenaki, haijamtosha, anaongeza Brufen, na nyumbani ana Diclopa. Anadhani amemeza dawa tatu tofauti, kumbe ni ukoo ule ule, na ndani ya Diclopa diklofenaki imo tena, pamoja na parasetamoli. Diklofenaki ya mtu mzima haivuki miligramu 150 kwa siku, yaani vidonge vitatu vya 50, na kipimo kinachotafutwa ni kile kidogo kinachotosha, kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na asprini, ugonjwa wa figo au wa moyo asijinunulie. Habari ya moyo si ya kutishana: mwaka huo huo wa 2004 dawa ya ukoo huu, Vioxx, iliondolewa sokoni duniani kote kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikawakataza wenye ugonjwa wa moyo kutumia diklofenaki. Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika kitu kama kahawa, miguu ikivimba au mkojo ukipungua, acha kidonge na uende hospitali siku hiyo hiyo. Goti moja linalouma linaweza kutulizwa na diklofenaki ya kupaka, ambayo kidogo tu ndiyo inayoingia kwenye damu.

Na visiwani, homa ya ghafla yenye maumivu ya viungo msiikimbilie kwa diklofenaki wala asprini. Inaweza kuwa dengi, na dawa hizi zinaongeza hatari ya kutoka damu. Pimeni kwanza, mtulize kwa parasetamoli.

Nimewaacha mabibi harusi mwisho makusudi. Somo anakufundisha mengi, hili pengine hakukwambia. Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa za ukoo huu ziepukwe kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito, kwa sababu zinaweza kudhuru figo za mtoto tumboni, na mkojo wa mtoto ndio unaofanya sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka. Miezi ya mwisho zinaweza pia kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake. Asprini ndogo anayoandikiwa mjamzito kwa ajili ya presha ni habari nyingine, hiyo usiiache bila daktari. Kwa hiyo kiuno kikikuuma na siku zako zimepita, pima mimba kwanza. Ukifika duka la dawa, mwambie muuzaji kabla hajashika boksi: nina mimba, ya wiki kadhaa.