Dona Si Adhabu

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze habari ya unga. Najua wapo watakaosema kwamba mwalimu sasa amezeeka, ameacha wafalme na vita, amekwenda kukaa jikoni. Waseme. Nimefundisha historia zaidi ya miaka thelathini, na sijapata kuona mfalme aliyeshinda na njaa akaandika amri ya maana.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka juzi niliambiwa nina kisukari. Aliyenipa habari hiyo hakupoteza muda wake kunionea huruma. Alitazama karatasi, akanitazama tumbo, akasema, "Mama, haya umejiletea mwenyewe. Sembe basi, wali basi. Nenda ukale dona." Nikarudi nyumbani kichwa chini, kama mtoto aliyekutwa ameingiza mkono katika kopo la sukari.

Kesho yake nikaanza kutumikia kifungo. Nilisonga dona ngumu kama tofali, nikachemsha mchicha bila chumvi, bila kitunguu, bila hata nyanya, nikala nimesimama kando ya jiko ili jambo lile liishe upesi. Usiku nikalala na njaa, nikijiambia kwamba hayo ndiyo malipo yangu. Vidonge nilimeza kama nilivyoandikiwa, chakula nikaruka. Siku ya tisa nilianguka kituo cha daladala, jasho limenitota, ulimi mzito. Kijana muuza machungwa ndiye aliyetambua; akanikalisha, akaniminyia chungwa kinywani, akaniambia mama yake mzazi naye ana ugonjwa huo huo. Sukari yangu haikuwa imepanda. Ilikuwa imeshuka mno, kwa sababu nilimeza dawa juu ya tumbo tupu.

Safari hii nilionana na mama mwingine, mtaalamu wa lishe, mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Mwalimu, nani alikwambia dona ni adhabu?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lile lilinikera, maana lilikuwa swali la somo langu. Mtu hazaliwi akiona haya kula unga fulani. Amefundishwa. Basi amefundishwa na nani, na lini?

Wengi wetu huamini kwamba ugali wa mahindi ni chakula chetu tangu enzi za Adamu. La hasha. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita katika pwani hii. Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na kando yake achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Alistaajabu jinsi wenyeji walivyokula, akasema mmoja wao hula sawa na kundi la watu wa kwao. Mombasa aliandika kwamba watu wanakula ndizi na samaki. Popote alipopita hakuona hindi, kwa sababu hindi halikuwapo upande huu wa dunia. Lilikuwa Mexico na nchi za jirani zake, ambako watu walilianza kulilima maelfu ya miaka nyuma. Lilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, likaja kwetu katika zama za Wareno. Jina tulilolipa, mahindi, linatuelekeza India, lakini majina ya vyakula hayana pasi ya kusafiria. Muhogo nao ni mgeni, asili yake ni Brazili. Wazee wa bara walikuwa na mtama, uwele, ulezi, kunde na viazi vikuu, na wenye mvua nyingi walikuwa na migomba.

Naomba mnivumilie nikae hapa kidogo, kwa sababu mahindi yalisafiri bila mpishi wake. Kule Mexico, tangu kale, wanawake huchemsha mahindi katika maji ya chokaa au majivu kabla ya kuyasaga. Kazi hiyo huifungua vitamini moja ambayo ndani ya hindi imefungwa, tumbo haliwezi kuipata. Sisi, na Wazungu pia, tulichukua mbegu tukaacha sufuria. Walioshindia mahindi matupu waliugua pelagra, ugonjwa wa kubabuka ngozi, kuharisha na kuchanganyikiwa akili. Uliwatesa Wahispania na Waitalia maskini, ukawatesa watu wa kusini mwa Marekani. Msidhani hayo ni ya zamani sana. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, zaidi ya 17,000, waliupata. Mahindi walikuwa nayo. Kilichokosekana ni karanga zilizokuwa katika mgawo wao. Bibi yangu hakusikia neno vitamini hata siku moja, lakini hakuweka ugali mezani bila mboga iliyoungwa kwa karanga zilizotwangwa. Mimi, msomi, niliziondoa karanga zile siku ile ile niliyoambiwa nijitunze!

Turudi katika habari ya haya. Baba yangu alikuwa manamba katika shamba la mkonge, upande wa Kilosa. Mfanyakazi alikuwa na kipande chake, kadi ya siku thelathini za kazi, na juu ya mshahara alipewa posho. Neno hilo posho lina hadithi ndefu: kwetu limekuwa fedha za vikao, lakini nenda Uganda ukaombe posho, utaletewa ugali. Ndivyo mahindi yalivyoingia katika miguu ya watu wengi wa nchi hizi, si kwa kupendwa, bali kwa kugawiwa. Yalikuwa mepesi kusafirisha, mepesi kupima, na mwenye shamba hakuhitaji kuuliza mtu wa Songea au wa Kigoma amezoea kula nini kwao. Baba alipoleta unga ule mweupe nyumbani sisi watoto tulishangilia. Mtama wa mama tuliuona wa porini. Ulezi tuliuita chakula cha wagonjwa.

Hapa sina budi kusema kweli, kwa sababu siku hizi wako watu wanaowapamba bibi zetu kupita kiasi. Si kweli kwamba wote walikula unga mzima na pumba zake. Mama yangu alijua kukoboa. Alitwanga mahindi katika kinu, akayapepeta, akayaloweka, akayatwanga tena, akachekecha, akaanika. Unga wake ulikuwa mweupe kama pamba, na kuku walifurahia pumba. Lakini kazi ile ilivunja mgongo, kwa hiyo unga ule ulikuwa wa wageni na wa sikukuu. Siku nyingine tulikula kilichokuwapo. Kilichobadilika si tamaa yetu ya weupe. Iliyobadilika ni mashine, ambayo iliifanya sikukuu iwe kila siku, asubuhi na jioni, na hakuna mwili uliozoea sikukuu mia tatu sitini na tano.

Kisha serikali nayo ikaingia jikoni. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda vikubwa vya kusaga vilitaifishwa, na mwaka 1968 ikaundwa National Milling, ambayo kila mtu aliijua kwa herufi zake, NMC. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulipotupiga, nafaka ilinunuliwa ng'ambo kwa fedha nyingi, na sembe ikauzwa mijini kwa bei iliyopunguzwa kwa ruzuku. Nia ilikuwa njema, watu wasilale njaa. Lakini matokeo yake, kijana wa Dar es Salaam alikua akijua kwamba chakula cha mtu wa mjini ni sembe, na vingine ni vya shamba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mambo yakawa magumu zaidi, tukaletewa mahindi ya njano kutoka Marekani. Mashabiki wakauita unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi. Tulicheka, lakini tuliumia. Ilisemekana kwamba huko kwao ni chakula cha ng'ombe. Na kichekesho ni kwamba ule unjano wenyewe mwili huugeuza kuwa vitamini A, ile inayosaidia macho, ambayo sembe yetu nyeupe haina. Mwaka 1984 ruzuku ikaondolewa. Bei ya sembe ikapanda kwa kishindo, na watu wengi wakaanza kununua mahindi na kuyapeleka mashine ya mtaani kusagwa hivyo hivyo bila kukobolewa. Dona ikaingia nyumbani kwangu pamoja na foleni za sabuni na vibatari visivyo na mafuta. Mtoto wangu wa kwanza aliwahi kuniuliza, "Mama, leo tena tuna shida?" Alikuwa ameona rangi ya ugali.

Jibu la yule mama wa lishe basi ni hilo. Niliifahamu dona katika njaa, ndiyo maana nilipoambiwa niile niliona nimehukumiwa.

Lakini liko jambo jingine, nalo halihusu rangi ya unga. Mwaka 1975, nikiwa mwalimu kijana, niliongoza kikundi cha redio katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Wenye umri wangu mtaikumbuka. Miaka miwili kabla yake ilikuwapo Mtu ni Afya, iliyokusanya watu wapatao milioni mbili nchi nzima na kuchimba vyoo visivyo na idadi. Tulikaa chini ya mwembe, redio juu ya meza, kitabu mkononi. Nilisoma vizuri sana: chakula cha kujenga mwili, chakula cha kutia nguvu, chakula cha kulinda mwili. Nilisema mama mjamzito ale mayai, mwiko wa kumkataza uachwe. Bibi mmoja aliyeketi nyuma akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "hicho kitabu kimeandika nani apakuliwe kwanza?" Wanaume walicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka pia, nikafungua ukurasa uliofuata.

Mama yangu alikula ukoko. Akishampakulia baba, kisha kaka zangu, kisha sisi, alivuta sufuria, akakwangua, akala pale pale huku anachochea moto kwa ajili ya maji ya kuoga ya wengine. Tulisema mama anapenda ukoko. Mpaka leo ndugu zangu husema hivyo. Nimeolewa, nimelea, nimekuwa mjane, na kumbe miaka yote hiyo nami nimekuwa nikila nimesimama. Yule aliyenikaripia kwa karatasi yake hakuanza kunifundisha kwamba sahani yangu haina maana. Alinikuta nimeshafuzu.

Tena si kweli kwamba maarifa ya kula vizuri yalitoka ofisini yakaja jikoni. Mara nyingi njia ilikuwa kinyume. Chukua habari ya uji wa watoto. Uji mwepesi haushibishi, uji mzito mtoto hawezi kuumeza. Katika miaka ya 1980 wataalamu wetu walionyesha kwamba ukitia kijiko cha kimea, yaani unga wa ulezi uliooteshwa ukakaushwa, uji mzito hulainika bila kupungua nguvu. Jambo hilo lilisifiwa katika vitabu vya nchi nyingi. Basi, kimea kilitoka wapi? Kwa mama pombe. Wapika pombe walikuwa nacho katika vibuyu kabla mimi na wewe hatujazaliwa.

Mtaniuliza ninakula nini sasa. Nakula dona, lakini ngumi moja, si mlima. Dona si dawa. Ukiijaza sahani, sukari itapanda vile vile, nimeipima kwa kidole changu mwenyewe. Nusu ya sahani ni mboga: mchicha, matembele, kisamvu siku nikipata mtu wa kunitwangia, na naunga kwa karanga au tui jepesi, na kitunguu, na nyanya, na ndimu, na chumvi kidogo. Dagaa au kunde hazikosi. Wali nakula Ijumaa mbili kwa mwezi, kidogo, na sijitukani kesho yake. Nimenunua sahani ya udongo yenye maua ya buluu, moja tu, na kiti kimoja nimekiweka dirishani. Jirani aliniuliza nasubiri mgeni gani. Nikamwambia mgeni ameshafika.

Wiki iliyopita dada yangu alikuja kunitazama. Nikapika, nikapakua, akaniambia, "Wewe kula, mimi nitakula ukoko, unajua naupenda kama mama." Nikamwambia dada, keti. Akakataa. Nikaishika sufuria nikaitia maji mbele ya macho yake. Alinuna kiasi cha dakika tano, kisha akavuta kiti.

Fundi mitambo ananionyesha saa, na kunde nimeziloweka tangu alfajiri. Kwaherini, mpaka juma lijalo.