Tundu la Goti: Habari ya Tiba Iliyopimwa

Katika mwaka wa 1918 Kenji Takagi, tabibu wa Chuo Kikuu cha Tokyo, alichukua darubini iliyoundwa kwa kutazamia kibofu cha mkojo, akaiingiza ndani ya goti la maiti. Jambo hili halikuwa mchezo. Mjapani wa zama zile alikula, akapokea wageni na kufanya ibada akiwa ameketi sakafuni juu ya miguu iliyokunjwa. Kifua kikuu kilipoingia gotini na kulikausha hata likawa halikunjiki, mgonjwa alipoteza mwendo, na pamoja na mwendo alipoteza mahali pake katika baraza ya watu. Takagi alitaka kuuona ugonjwa mapema, kabla haujalifunga goti. Ulaya nako walikuwako wenye fikira kama hiyo: Severin Nordentoft wa Denmark aliieleza mbele ya mabingwa wa upasuaji mjini Berlin katika mwaka wa 1912, na Eugen Bircher wa Uswisi aliandika juu ya kazi yake katika mwaka wa 1921. Lakini mbegu iliyoota ni ile ya Tokyo.

Aliyeipalilia ni Masaki Watanabe, mwanafunzi wa Takagi. Darubini yake maarufu, iliyoitwa kwa namba yake tu, Namba 21, ilikuwa na kijitaa nchani, na kijitaa hicho kiliweza kuvunjika ndani ya goti la mtu. Hata hivyo ndicho chombo kilichoifungua njia. Tarehe 4 Mei 1962 Watanabe alikata na kutoa, kwa tundu dogo, kipande kilichochanika cha ile gegedu yenye umbo la mwezi mwandamo ikaayo kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Miaka miwili baadaye tabibu wa Kanada, Robert Jackson, alifika Tokyo, akajifunza kazi hiyo, akairudisha kwao Toronto, na kutoka huko ikaenea Marekani na kwingineko. Kwa kijana aliyeumia mchezoni ilikuwa neema: kovu dogo mahali pa jeraha refu, na siku chache mahali pa majuma.

Ikiwa chombo chaweza kumfaa kijana, je, hakiwezi kumfaa mzee? Goti la mzee huuma kwa sababu nyingine. Gegedu inayofunika ncha za mifupa huchakaa, ikapungua na kukwaruzika, na mfupa ulio chini yake hubadilika. Mabingwa walisema kwamba vumbi la gegedu lielealo katika maji ya kiungo ndilo linalochokoza maumivu. Basi lioshwe kwa maji ya chumvi, na penye kukwaruza pasuguliwe. Wagonjwa wengi walirudi wakishukuru. Hoja ilikuwa nyepesi, na pengine wepesi wake ndio uliozuia watu kuuliza: gegedu iliyokwisha haioti tena kwa kuoshwa, basi nafuu hiyo yatoka wapi? Mwishoni mwa karne ya ishirini upasuaji wa namna hii Marekani ulikuwa umepita 650,000 kwa mwaka, kila mmoja ukigharimu kiasi cha dola 5,000.

Swali hilo liliulizwa mjini Houston, katika hospitali ya askari wastaafu. Bruce Moseley, mpasuaji, alikusudia kulinganisha kuosha na kusugua. Nelda Wray, tabibu mwenzake, akamhoji: atajuaje kwamba si imani ya mgonjwa tu iliyotibu? Ndipo likaundwa jaribio ambalo wengi waliliona la kutisha. Wagonjwa 180 waligawanywa kwa bahati nasibu katika mafungu matatu: wa kusuguliwa, wa kuoshwa, na wa kufanyiwa upasuaji wa kuiga. Hawa wa mwisho walipewa dawa ya usingizi mwepesi, wakachanjwa ngozi mara tatu, mpasuaji akaitisha vyombo kwa sauti, na maji yakamwagwa ili chumba kisikike kama kawaida. Lakini hakuna kilichoingia gotini. Moseley mwenyewe hakujua zamu ya nani ni ipi mpaka bahasha ilipofunguliwa katika chumba cha upasuaji.

Je, ni halali kumchanja mtu bure? Kila mmoja alitakiwa kuandika kwa mkono wake kwamba aelewa huenda akapata upasuaji wa kuiga usiotibu goti lake. Kati ya watu 324 waliofaa, 144 walikataa, wala hakuna awezaye kuwalaumu. Waliokubali wanastahili kukumbukwa, kwa maana bila wao ukweli usingalijulikana.

Matokeo yalitangazwa Julai 2002. Kwa miaka miwili mafungu yote matatu yalipata nafuu, na hapana lililopata maumivu machache kuliko lile la kuiga. Wapasuaji wengi walikasirika. Wakasema mpasuaji alikuwa mmoja, na wagonjwa karibu wote walikuwa wanaume. Ubishi huu haukuwa wa bure. Lakini jaribio la London, mji wa Ontario huko Kanada, lililochapishwa katika mwaka wa 2008, lilionyesha kwamba waliopasuliwa hawakuwazidi waliotibiwa kwa mazoezi na dawa tu. Mwaka huo huo uchunguzi wa watu 991 wa Framingham, Massachusetts, ulionyesha kwamba gegedu zilizochanika zimo hata katika magoti yasiyouma: miongoni mwa waliokuwa nazo, 61 katika kila 100 hawakuwa na dalili yoyote katika mwezi uliotangulia. Kumbe tabibu aliyeuona mchaniko na kuukata huenda alikuwa akikata kitu kisicho na hatia.

Katika mwaka wa 2017 jopo la kimataifa, lenye wagonjwa ndani yake, lilishauri kwa nguvu katika jarida la matabibu la Uingereza kwamba magoti yaliyochakaa, karibu yote, yasitibiwe kwa darubini hiyo. Mgonjwa wa leo huelekezwa kwenye mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito na dawa za maumivu. Na goti likiisha kabisa, hubadilishwa kwa la chuma na plastiki. Darubini ya Watanabe ingali kazini, kwa kano zilizokatika na magoti yaliyokwama, ya vijana zaidi.