Stempu za Skauti: Siku 38 za Kupeleka Kadi za Krismasi

Kila ifikapo Desemba, katika miji mingi ya Uingereza, kadi za Krismasi huletwa mlangoni na mtoto aliyevaa skafu ya skauti, mzazi wake akimsubiri barabarani na mfuko wa kadi zilizobaki. Kwenye kona ya bahasha pamebandikwa stempu ndogo isiyo na kichwa cha mfalme wala malkia. Ina picha ya nyota, ya kondoo au ya kanisa la mtaa, jina la kikundi na mwaka. Kadi husomwa ikapangwa dirishani, bahasha ikatupwa. Na hapo kipande cha historia ya mtaa huo huenda jalalani.

Kwetu Afrika Mashariki barua husubiri kwenye S.L.P. mpaka mwenyewe aende na ufunguo. Waingereza wao wamezoea kuletewa nyumbani. Tarehe 6 Mei 1840 ilianza kutumika stempu ya kwanza duniani, ile ya peni moja, tunda la mageuzi ya posta ya Rowland Hill. Henry Cole, aliyemsaidia Hill katika mageuzi hayo, ndiye aliyechapisha kadi ya kwanza ya Krismasi kwa ajili ya kuuzwa, mwaka 1843. Stempu ya bei nafuu na kadi ya sikukuu zilikua pamoja kama watoto wa nyumba moja.

Lakini barua zilikuwa na mwenyewe. Posta ya Uingereza ilishika ukiritimba wa kuzipeleka na haikupenda mshindani, hata awe mdogo namna gani. Mwaka 1871 chuo cha Keble, Oxford, kilitoa stempu zake kwa ajili ya barua zilizopelekwa na matarishi wa chuo. Vyuo vingine vya Oxford na Cambridge vikafuata. Mwaka 1886 Posta ikavikataza. Ilihitaji mgomo wa wafanyakazi wa Posta wa mwaka 1971, uliodumu wiki saba, ili serikali iulegeze mlango wa ukiritimba huo kwa muda na watu binafsi waruhusiwe kubeba barua.

Mlango wenyewe ulifunguliwa mwaka 1981. Sheria ya mawasiliano ya mwaka huo iliruhusu mashirika ya hisani kupeleka kadi za Krismasi kuanzia 25 Novemba hadi 1 Januari. Zilikuwa siku 38 tu, na kwa kadi za Krismasi tu. Soko zima la barua halikuwa huru mpaka 1 Januari 2006. Skauti hawakungoja: Desemba ileile ya 1981 vikundi vya kwanza vilikuwa mitaani.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Stempu huuzwa katika maduka ya mtaa, makanisani na kwa majirani. Mteja hubandika, kisha hutumbukiza kadi katika sanduku lililowekwa dukani kabla ya siku ya mwisho iliyotangazwa. Jioni masanduku humwagwa juu ya meza ndefu katika ukumbi wa skauti, na watoto na watu wazima huanza kuchambua: kwanza kwa eneo, halafu kwa mtaa, mwisho kwa namba ya nyumba. Vikundi jirani hubadilishana mafurushi, kisha kila kimoja huingia katika mitaa yake. Bei kwa kawaida ni sehemu ndogo ya ile ya Posta, ambayo Oktoba 2024 ilifikisha stempu ya daraja la kwanza kwenye pauni 1.65. Fedha zinazopatikana hununua mahema, hukarabati ukumbi, na nyingine hupelekwa kwa wenye shida.

Skauti na barua walijuana hata kabla skauti hawajapewa jina hilo. Kati ya Oktoba 1899 na Mei 1900 mji wa Mafeking, Afrika Kusini, ulizingirwa na majeshi ya Makaburu kwa siku 217. Kamanda wa Waingereza alikuwa Robert Baden-Powell. Wavulana wa mji waliundiwa kikosi cha kupeleka ujumbe na barua. Mwanzoni walipanda punda. Chakula kilipoadimika punda wakaliwa, nao wakahamia kwenye baiskeli. Njaa hiyo haikuwaumiza watu wote sawasawa: Waafrika ndani ya mji, Wabarolong miongoni mwao, ndio walioteseka zaidi.

Aprili 1900 barua za ndani ya mji zikapata stempu zake. Zilitolewa kwa njia ya picha, kwenye karatasi ya kunakilia ramani za majengo, ndiyo maana zina rangi ya bluu. Ile ya peni tatu ina sura ya Baden-Powell, jambo lililozua maneno kwa kuwa mahali hapo palizoeleka kuwa pa Malkia Victoria. Ile ya peni moja inamwonyesha kijana Warner Goodyear, kiongozi wa wavulana hao, akiwa na baiskeli yake. Miaka michache baadaye Baden-Powell aliwatumia vijana hao kama mfano alipoanzisha uskauti.

Mfano huo ulisafiri. Novemba 1918, Chekoslovakia ilipokuwa na wiki chache tangu izaliwe, skauti wa Prague walibeba barua za viongozi wa taifa jipya wakitumia stempu zao, ya bluu ya heller 10 na nyekundu ya heller 20. Agosti 1944, Warsaw ilipoinuka dhidi ya Wajerumani, skauti wa Poland walipeleka barua chini ya risasi. Barua haikupaswa kuzidi maneno 25, na mtumaji hakulipa kitu. Baadhi ya watoto hao waliuawa wakiwa kazini.

Stempu za Krismasi hazina damu wala moshi, na labda ndiyo sababu zimedharauliwa. Wakusanyaji huziweka katika kundi liitwalo Cinderella, kwa jina la yule binti wa hadithi aliyeachwa jikoni dada zake wakienda karamuni. Za Mafeking zimo katika katalogi ya stempu ya Stanley Gibbons. Hizi, kwa kuwa hazikutolewa na serikali, hazimo. Anayezikusanya hutafuta mwenyewe: huviandikia vikundi, hubadilishana na wenzake, hulinganisha rangi, ukubwa na vitobo vya pembeni. Stempu hizi huuzwa kwa wiki chache, katika mji mmoja, na kikundi kikivunjika hakuna ofisi itakayomjibu mtu swali. Kinachopendwa zaidi ni bahasha nzima yenye anwani na alama ya kikundi kilichoipeleka, kwa kuwa hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba stempu ilifanya kazi yake.

Mimi nasema hizi ni nyaraka. Zinatuonyesha kwamba mtaa fulani, Desemba fulani, uliwakabidhi watoto wake barua zake kwa imani.

Na uzi wa hadithi hii unafika kwetu. Baden-Powell, mtu wa ile stempu ya peni tatu, alimalizia maisha yake Nyeri, Kenya, katika nyumba aliyoiita Paxtu. Alifariki 8 Januari 1941 akazikwa hukohuko Nyeri. Kwenye jiwe la kaburi lake pamechongwa duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kusema amekwenda nyumbani.

Basi wewe uliye Uingereza, au mwenye ndugu huko, Desemba hii iangalie bahasha kabla ya kuitupa. Ukiona jina la skauti kwenye stempu, usiibandue wala kuikata. Andika nyuma kwa penseli mji na mwaka, uiweke pakavu mbali na jua. Nakala yako yaweza kuwa ya mwisho iliyobaki.