Fedha Ukutani: Kutoka Tanuri za Iraq Hadi Jani la Mwarobaini

Ndugu msomaji, ukijaaliwa kufika Msikiti Mkuu wa Kairouan huko Tunisia, itazame mihrabu yake. Imezungukwa na vigae ving'aavyo kama dhahabu, na dhahabu hamna. Huo ni ufundi wa wafinyanzi wa Iraq wa karne ya 9, zama za Bani Abbasi.

Siri yao ilikuwa moshi. Chombo kilichokwisha kuchomwa na kupata ngozi ya kioo kilichorwa kwa chumvi za fedha na shaba zilizochanganywa na udongo, kikarudishwa tanurini katika moto uliobanwa hewa. Moshi ukazigeuza chumvi zile kuwa madini yenyewe ndani ya kioo, chembe za kupimwa kwa nanomita, yaani mita moja iliyogawanywa mara milioni elfu. Wafinyanzi waliuona mng'aro tu, na huo ndio walioutaka.

Lakini madini haya yana tabia nyingine. Maandishi ya Carl von Nägeli, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, yaliyotoka mwaka 1893, yalionyesha kuwa shaba kidogo mno majini hutosha kuua mwani. Fedha nayo huua vijidudu vya maradhi. Wanakemia walipotaka kuzitengeneza chembe hizo kwa wingi, baadhi yao walitumia haidrazini, ambayo ni sumu. Ajabu iliyoje, kutafuta usafi kwa sumu!

Mwaka 2004 Murali Sastry na wenzake wa Pune, India, walieleza njia nyepesi: maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini, huu huu wa nyuani kwetu, yakatiwa chumvi ya fedha, na chembe zikajitengeneza. Mwaka 2008 George John, Pulickel Ajayan na wenzao huko Marekani wakatoa rangi ya mafuta ya mimea. Mafuta yanapokauka kwa hewa, yenyewe huigeuza chumvi ya fedha kuwa chembe. Na ubao, kioo au chuma kilichopakwa kiliua vijidudu.

Hata hivyo, msomaji, jani la mti halitoshi kuifanya rangi iwe salama. Fedha haibagui kijidudu cha maradhi na kile chenye manufaa majini. Huko Uswisi, wachunguzi walipaka ukuta wa nje rangi yenye chembe za fedha, wakayakinga maji ya mvua yaliyoteremka. Matokeo yalitoka mwaka 2010: ndani ya mwaka mmoja, zaidi ya asilimia 30 ya fedha ile ilikuwa imekwisha kwenda na maji.