Tulifunzwa Kutopepesa Macho

Agosti ya mwaka shufwa, Bungoma hailali. Vijana wanazunguka na chinyimba, kengele za mkononi, wakialika ndugu. Kwa mjomba wanavishwa luliki, kipande cha nyama shingoni. Alfajiri wanapakwa matope mtoni, kisha wanarudi kusimama wima mbele ya kisu. Ukipepesa jicho, aibu ni ya ukoo mzima.

Tohara ya Wabukusu husimuliwa hivyo tu, kana kwamba ujasiri ndio kila kitu. Kuna nusu nyingine: bakoki. Mliotahiriwa msimu mmoja mnakuwa bakoki mpaka kaburini. Marika ni manane (Maina, Chuma, Sawa, Kolongolo na mengine), na jina linazunguka karibu miaka mia kabla ya kurudi kwa vitukuu. Huwezi kuoa binti ya bakoki wako, maana ni mtoto wako. Na bakoki ana ruhusa ya kukuambia yale ambayo kakako atayameza. Yaani waliokuona umesimama ukitetemeka moyoni ndio haohao waliopewa haki ya kukuuliza baadaye.

Sasa mbona hatuulizani?

Sehemu ya jibu iko Kitale. Trans Nzoia ilitengwa kuwa ardhi ya walowezi, reli ikafika 1926, na Wabukusu wengi wakaenda kuwa vibarua kwenye mahindi ya mzungu. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Bakoki wake walibaki Bungoma.

Halafu kuna Elijah Masinde wa Kimilili, mwanasoka aliyegeuka kiongozi wa Dini ya Msambwa. Alikataa amri za wakoloni, na 1945 wakamfungia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, hadi 1947. Sisemi Masinde ndiye sababu tunanyamaza. Lakini mpaka leo ukisema kichwa kimekulemea, kuna mjanja atakuuliza kama tukupeleke Mathari, na watu watacheka. Mimi pia nimewahi kucheka.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Miezi minane nilimdanganya bakoki wangu kwamba niko kwa mtihani, mara niko field. Siku moja nikapanda matatu Kitale. Kiminini, Kamukuywa, Webuye, nikirudia sentensi moja kichwani kama mtoto aliyetumwa dukani.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yao akimenya mua.

“Bakoki, chuo niliacha. Na usiku silali.”

Hakuniangalia. Alikata pingili mbili, akanipa moja.

“Ya chuo nilijua kitambo,” akasema. “Mimi kazi nilifutwa Machi. Kila asubuhi navaa shati natoka, mamangu asijue. Nilikuwa nangoja wewe uanze.”

Tulitafuna mua hadi matatu ya mwisho ikaniacha.